Joto la injini lisiende bure: bafu la maji ya moto kwa wanaopiga kambi na gari

Sehemu kubwa ya dizeli unayoichoma haifiki kwenye matairi. Inageuka joto. Jingine linatokea kwenye ekzosi, jingine linabebwa na maji ya rejeta na kupulizwa nje na feni. Na wakati feni inapuliza, abiria wako amejikunyata nyuma ya gari hilohilo, taulo shingoni, akiuliza kama kuna maji ya moto.

Mimi ni dereva wa safari, makao yangu ni Arusha. Gari ninalolizungumzia ni Land Cruiser yenye injini ya 1HZ, ile ya silinda sita, lita 4.2, isiyo na tabo, ambayo imebeba utalii wa kaskazini kwa miaka mingi. Lakini mpango wenyewe, wa kupasha maji ya kuoga kwa joto la injini, unafaa kwa gari lolote ambalo injini yake inapozwa kwa maji: Prado, Hiace, Noah, hata Fuso. Nimeufunga, nimeufungua, nimeubadilisha, na hapa naeleza umbo ambalo sasa siligusi tena.

Kwanza jiulize kama unauhitaji. Ruaha mwezi wa tisa, au Natron karibu mwaka mzima, huna sababu ya kusogelea injini. Dumu jeusi la lita 20 likikaa juu ya keria tangu asubuhi, jioni maji yake yanatosha kuoga. Ukitaka kitu cha kudumu, chukua bomba la plastiki la inchi 4, ziba ncha zote mbili, lipake rangi nyeusi, funga koki upande mmoja. Kila mita inabeba takribani lita 8. (Wapo wanaolijaza upepo wa kompresa ili maji yatoke kwa nguvu. Usifanye. Bomba la maji taka halikutengenezwa kushika presha, sembuse likiwa limelainishwa na jua la mchana kutwa. Acha maji yashuke yenyewe.)

Ukingo wa Ngorongoro ni habari nyingine. Pale kambi ya Simba uko mita 2,300 hivi juu ya usawa wa bahari, na kati ya mwezi wa sita na wa nane jua likizama tu ukungu na upepo vinakuja pamoja. Kitulo, kule nyanda za juu kusini, ni juu zaidi, mita 2,600. Huko dumu jeusi halina la kukusaidia.

Hata huko, kwa mtu mmoja au wawili, ndoo na kata bado ni njia bora, na sitaki mtu akate mpira wa gari lake kwa sababu yangu kabla hajaijaribu. Kwenye urefu ule maji yanachemka kwenye nyuzi 92 hivi, si 100. Sehemu moja ya maji yaliyochemka ukiichanganya na sehemu mbili za maji baridi inakupa nyuzi 40, na hizo ndizo za kuogea. Tabu inaanza mnapokuwa watu sita. Mtungi wa gesi ni mmoja, mpishi anautaka kwa chakula, na kuokota kuni ndani ya hifadhi ni marufuku. Hapo ndipo injini inapofaa.

Kuhusu umeme, tusidanganyane. Kuna hita ndogo za kuchomeka kwenye tundu la sigara, na kila mara naona mtu amenunua moja akiamini itamwogesha. Kupandisha lita 20 za maji kutoka nyuzi 15 hadi 40 kunahitaji takribani kilojuli 2,100. Tundu la sigara likitoa ampea 10 kwa volti 12 ni wati 120. Piga hesabu: karibu saa tano kwa ndoo moja, na asubuhi mnasukuma gari. Inveta haibadilishi kitu, kwa kuwa umeme ni uleule wa betri. Injini iliyokwisha kupata moto, ikiongezwa resi kidogo, inayapa maji yake kilowati kadhaa za joto. Kwa kilowati 4 tu ndoo ileile inahitaji dakika 9. Kambini utaona dakika 10 hadi 15, maana kuna joto linalopotea kwenye mipira na kwenye ndoo yenyewe. Dizeli utakayotumia ni kama robo lita.

Gari kwanza, kuoga baadaye

Hapa wengi wanaruka, na ndipo hasa ninapotaka tukae kidogo.

Bafu hili linategemea injini iliyo kwenye joto lake sahihi, na anayelinda joto hilo ni thamostati. Injini ikiwa baridi, thamostati inafunga njia ya rejeta na maji yanazunguka ndani ya injini na kwenye hita ya gari tu, ile ya kuwapasha abiria joto. Yakifika nyuzi 80 hivi, juu au chini kidogo kutegemea injini, inaanza kufunguka. Sasa fungua magari yetu uone. Kwa mengi thamostati iling'olewa zamani. Gari lilichemsha mara moja, fundi akaitoa, gari likaacha kuchemsha, kesi ikafungwa. Ukimuuliza anakujibu, "Bosi, hiyo ni ya nchi za baridi, huku ya nini?" Huku ni ya kila siku, fundi wangu. Bila thamostati maji yanapitia rejeta muda wote, injini haifiki joto lake, inakula mafuta zaidi na kuchakaa upesi. Na ukiegesha gari kwenye baridi ya ukingo wa kreta likiwa sailensi, yaani injini inaunguruma bila kukanyagwa mafuta, mshale wa temperecha unashuka mbele ya macho yako na maji ya kuoga yanaishia vuguvugu. Nikiitwa kutazama bafu la mtu ambalo "halipashi", sianzi na bafu. Nauliza thamostati iko wapi.

Jambo la pili ni hita. Kwa magari yaliyoishi Dar au Tanga, mara nyingi mpira wa hita ulivuja siku moja, na badala ya kununua mwingine fundi akairuka hita kwa kuunganisha njia mbili na kipande cha bomba. Si dhambi, lakini ujue kabla hujaanza kukata. La tatu ni maji yenyewe. Gari ambalo limejazwa maji ya bomba miaka yote badala ya kulanti, ile dawa maalumu ya kupozea injini, lina kutu ndani, na kifaa tunachokwenda kufunga kina njia nyembamba za milimita chache. Tope la kutu litaziziba kabla hujaoga vya kutosha. Suuza mfumo mpaka yanayotoka yawe safi, kisha jaza kulanti ya kweli. Fundi akikuambia kazi hiyo haina haja, tafuta fundi mwingine.

Gari likishakuwa zima, sasa tuongelee bafu.

Moyo wa mpango wote ni kibadilisha joto cha mabati: kitofali kidogo cha chuma kisichoshika kutu, kama sentimita 20 kwa 7, chenye mabati membamba 20 au 30 yaliyobanwa pamoja na matundu manne usoni. Maji ya injini yanapita upande mmoja wa kila bati, maji ya kuoga upande wa pili. Yanapeana joto bila kuchanganyika. Wanaofunga mitambo ya ubaridi na mabwawa ya hoteli wanavijua, na unaweza pia kuagiza mtandaoni. Ukikikosa, mpelekee fundi wa viyoyozi bomba la shaba, kama mita tatu za nusu inchi ndani ya bomba jingine pana zaidi, alikunje na kulichomelea. Mwambie alipime kwa upepo kabla hujalipia. Fundi wa majokofu anafaa kuliko fundi wa geti, kwa sababu kazi yake ya kila siku ni kuhakikisha gesi haitoki.

Kitu usichofanya ni kuzungusha bomba kwenye ekzosi. Najua kuna video zake. Ekzosi haina thamostati. Pampu ikisimama dakika moja, maji yaliyobaki ndani ya bomba yanageuka mvuke, na mvuke uliofungiwa unatafuta pa kutokea.

Unapokifunga, kaa kwenye mpira wa hita, usiguse mipira mikubwa ya rejeta. Mpira wa hita kwa Toyota nyingi ni wa milimita 16, unatoka kwenye injini, unapita kwenye koki ndogo ya hita karibu na ukuta wa ndani, unaingia kwa abiria na kurudi. Kata ule unaopeleka, ingiza kibadilisha joto katikati, kaza kwa klipu nzuri. Wengine wanaweka matii mawili (viungo vya umbo la T) na koki ili kukitenga. Mimi sipendi, kila kiungo unachoongeza ni mahali pengine pa kuvuja, na barabara ya kutoka Ngorongoro kwenda Naabi, lango la Serengeti, kwa mawimbi yake ya changarawe, itakitafuta kile kilicho dhaifu. Kwa ufungaji wangu koki ya hita lazima iwe wazi wakati wa kupasha: sukuma kishikio cha hita mpaka kwenye joto, zima feni yake. Wengi wanasahau hili, halafu wanalaumu kifaa.

Wenye Noah na Hiace zilizotoka Japani, na baadhi ya Prado, angalieni chini ya gari. Nyingi zina hita ya nyuma ambayo hapa kwetu hakuna anayeiwasha, na mabomba yake yameshafika hadi nyuma. Ukifunga kwenye mabomba hayo unaepuka msongamano wa boneti, na bafu linakuwa karibu na mlango wa mizigo, mahali ambapo utaogea kwa vyovyote.

Kibandike mbali na feni na mikanda, juu ya vipande vya raba, na kiwe chini kuliko mfuniko wa rejeta ili hewa isikwame ndani. Ukishajaza kulanti, washa injini ikiwa baridi, mfuniko wazi, hita wazi, huku ukiminya mipira kwa mkono mpaka mapovu yaishe. Injini ikishapata moto usiufungue tena mfuniko huo kwa sababu yoyote.

Halafu tafuta kipande cha bomba la shaba la sentimita 10 linaloingia kwenye mpira wa hita, klipu mbili, na lita tano za kulanti. Vitupe kwenye boksi la spana na visitoke humo. Kibadilisha joto kikivuja porini, unakitoa, unaunganisha mpira na kipande hicho, unajaza, unaondoka. Bafu lililokufa utalizoea kwa usiku mmoja. Gari lililokufa katikati ya Serengeti ni hadithi nyingine kabisa.

Upande wa ndoo

Njia inayoonyeshwa zaidi ni ya moja kwa moja: maji baridi yanaingia upande mmoja, yanatoka ya moto upande wa pili, mtu anaoga papo hapo. Inapendeza kuitazama, na mimi nimeacha kuitumia. Joto lake linafuata resi ya injini na kasi ya pampu. Dereva akigusa mafuta kidogo, anayeoga anaruka. Baya zaidi ni pale mtu anapozima pampu ili ajipake sabuni. Maji yaliyobaki kwenye kibadilisha joto yanaendelea kupikwa mpaka karibu na joto la injini, nyuzi 80, na pampu ikiwashwa tena yanatangulia hayo kichwani. Maji ya nyuzi 60 yanahitaji sekunde chache tu kuunguza ngozi ya mtu mzima, na ngozi ya mtoto ni laini zaidi.

Kwa hiyo ninazungusha. Ndoo ya lita 20, ndani yake mpira wenye chujio, halafu pampu, halafu koki ya njia tatu. Koki ikielekea upande mmoja, maji yanakwenda kwenye kibadilisha joto na kurudi ndoo ileile, yanazunguka na kupanda joto taratibu. Ikielekea upande wa pili, maji yanatoka kwenye pampu moja kwa moja hadi kwenye bomba la mvua bila kupita kwenye injini kabisa. Ndoo ikifika nyuzi 41 au 42 unazima injini, unageuza koki, na kila mtu anaoga maji yaliyokwisha kupimwa. Hayana namna ya kubadilika ghafla. Tumia kipimajoto cha jikoni, na mwisho ingiza kiwiko chako mwenyewe. Kwa mtoto mdogo, nyuzi 37 zinatosha.

Pampu ni ya volti 12, aina ya diaframu, zile zinazotumika kwenye mashine za kunyunyizia dawa mashambani. Maduka ya pembejeo yanazo. Inayotoa lita 4 hadi 6 kwa dakika inatosha, na ampea zake ni chache. Soma karatasi yake uone inavumilia maji ya joto gani. Nyingi hazitaki zaidi ya nyuzi 50 au 60, ndiyo sababu imekaa kabla ya kibadilisha joto na si baada yake. Waya wa milimita za mraba 2.5 kutoka kwenye betri, fyuzi ya ampea 10 karibu kabisa na betri, swichi isiyoingiza maji. Mpira wa bustani utalainika na kujikunja. Nunua ule wenye nyuzi ndani. Kichwa cha bomba la mvua kiwe chenye matundu madogo na koki yake, ili mtu afunge wakati wa sabuni. Lita 8 hadi 10 zinamtosha mtu asiyekuwa na nywele ndefu.

Jambo moja kuhusu sumu. Kulanti nyingi zina glaikoli, nayo ina utamu unaovutia watoto na mbwa. Injini ikiwa na moto, presha ya maji yake ni kubwa kuliko ya ndoo yako, kwa hiyo bati likitoboka, kulanti ndiyo itakayoingia kwenye maji ya kuoga. Maji ya mfumo huu si ya kupikia, si ya kusukutua. Ukiona yamebadilika rangi au yanateleza kwenye vidole, mwaga na ukitoe kifaa.

Kambini

Wakati mzuri wa kupasha ni ule unaoingia kambini kutoka kwenye mzunguko wa jioni. Injini bado ina moto wa siku nzima, na majirani hawajalala. Anza kuzungusha maji kabla hujazima gari. Nina kishikio cha kuvuta resi kwenye dashibodi, kama Land Cruiser nyingi za zamani, nakiweka kwenye 1,200 hivi. Dizeli ikiachwa sailensi inapoa kuliko watu wanavyodhani, hasa ikinyang'anywa joto na ndoo ya maji baridi. Kuunguruma saa tatu usiku kwenye kambi ya watu wote, mimi naona ni utovu wa adabu, hata kama hakuna askari wa kukukataza.

Elekeza ekzosi kule upepo unakokwenda, na hema la kuogea liwe upande wa pili wa gari. Moshi wa injini ndani ya kihema kilichofungwa zipu unaua, na gesi yake yenye sumu haina harufu ya kukuonya. Kwa njia ya ndoo hatari hii inapungua sana, kwa kuwa injini huwa imezimwa kabla mtu hajaingia.

Kuoga kuishe kabla ya giza. Pale kambi ya Simba, tembo huwa wanaingia kutafuta maji, na mtu mwenye sabuni machoni si mtu wa kukutana na tembo. Kando ya Ruaha au Grumeti usishuke mtoni kuchota saa hizo. Mamba na viboko wako pale kabla yako. Chota mchana, na maji ya sabuni yamwage mbali na mto.

Maji ya mto yapitishe kwenye kitambaa kabla hayajaingia kwenye ndoo, kwa kuwa mchanga unakata diaframu ya pampu. Maji ya chumvi au ya magadi usiyapitishe humo hata kidogo. Sehemu kama Dodoma na Singida, ambako maji ya visima huacha ukoko mweupe kwenye birika, ukoko huohuo unajijenga kwenye mabati. Kila baada ya msimu nazungusha siki na maji ya uvuguvugu kwa robo saa, injini ikiwa imezimwa, halafu nasuuza na kukausha kwa upepo.

Wenye magari ya haibridi, mpango huu si wenu. Injini inajizima yenyewe inapotaka, na hutaki kumpa fundi wa mtaani ruhusa ya kukata mipira ya mfumo ambao hata waliouunda wanaugusa kwa kitabu mkononi. Tumieni jiko.

Ukimaliza kufunga, usiende nao safari moja kwa moja. Jaribu nyumbani, jioni, kwa ndoo kamili, ukiangalia mshale wa temperecha muda wote. Usogee kidogo tu, usipande wala kuanguka. Tandika boksi la karatasi chini ya injini usiku. Asubuhi, gari likiwa baridi, fungua mfuniko na utazame kiwango cha kulanti, kisha endesha siku mbili tatu za kawaida mjini na utazame tena. Kikiwa kimepungua hata kidogo, kaza klipu, rudia jaribio, na safari isubiri.